Nimerundika gita nane na sauti kumi na mbili, mbona ukuta umekuwa mwembamba?

#1 Chuma_cha_Kayole
Wakuu salaam. Tuna bendi ya watu wanne Nairobi, metali nzito, nyuzi tumezishusha mpaka C. Wiki ya tatu sasa napambana na wimbo mmoja. Gita za rizimu nimeziweka nane, nne kushoto, nne kulia. Sauti za kunguruma sita, za kupayuka nne, na kiitikio cha kuimba kawaida mbili. Nilitegemea nipate ukuta. Nilichopata ni nyuki ndani ya debe.

Kinachoniuma zaidi, mazoezini tulirekodi wimbo huohuo kwa simu iliyowekwa juu ya kiti, gita mbili tu na jamaa anapiga kelele bila maiki, na ile ya simu inasikika KUBWA kuliko hii. Tatizo ni gita, sauti, au masikio yangu?

#2 Mdudu_Washawasha
Nimekaa paleee na karanga zangu. Wajuzi waje.

#3 Kanda_ya_Nne
Gaini kwenye ampu, ile nobu ya kuzidisha ukali, iko ngapi mkuu?

#4 Chuma_cha_Kayole
Nane.

#5 Mdudu_Washawasha
Nane ya namba au saa nane?

#6 Chuma_cha_Kayole
Saa nane. Nobu inatazama pale mshale mfupi unapotazama saa nane mchana. Kwa namba nadhani ni kama saba hivi.

#7 Kanda_ya_Nne
Ugonjwa wako ni huo. Distosheni kazi yake ni kukata vichwa vya mawimbi. Ukikata sana, lile pigo la piki kwenye uzi na mlio unaofuata vinalingana kimo (ukubwa wa sauti), hakuna tena kinachotangulia. Gita moja ya namna hiyo inasisimua. Zikiwa nane zinakuwa shiii moja ndefu, kama redio iliyopoteza stesheni.

Wanaorundika gita wanashusha gaini kwa kila treki, inafika saa tano, hata saa nne. Ukiisikiliza moja peke yake utaiona dhaifu, utaona aibu hata kumchezea mtu. Zikikaa pamoja ule ukali unarudi wenyewe, na pigo la piki bado lipo. Rekodi upya.

#8 Nusu_Desibeli
Kanda_ya_Nne kila uzi wewe ni gaini tu, hata mtu akiumwa tumbo utamwambia ashushe gaini.

Chuma, wimbo unakwenda spidi gani? Kama ni pigo 200 kwa dakika na unapiga nne ndani ya kila pigo, basi kutoka mpigo hadi mpigo ni milisekunde 75. Mkono ukichelewa 20 hapo umeshakula zaidi ya robo ya nafasi. Gita mbili zikipishana hivyo ni utamu, ndiyo upana wenyewe. Zikiwa nane, kila moja na kuchelewa kwake, mwanzo wa noti haupo tena, kuna ukungu. Ndiyo maana ya simu inakushinda: mlikuwa wawili, mnatazamana.

Fanya hivi. Tafuta pale unapoziba nyuzi kwa kiganja, uzikuze kwenye skrini, utazame vilima vya treki zote nane. Kama havianzi pamoja, hakuna ampu itakayokuokoa.

#9 Chuma_cha_Kayole
Ni 200 kweli, umejuaje?

Nimezikuza. Ya kwanza hadi ya nne zimekaa vizuri. Ya tano na ya sita nilipiga saa saba usiku, zinalegalega. Sasa ya saba na ya nane... naomba msinicheke. Hizo nilikopi ya tano na ya sita, nikabadilisha pande, nikazisogeza mbele milisekunde 10. Kuna video ilisema inapanua.

#10 Mdudu_Washawasha
Hahahahaaa. Karanga zimenipalia.

#11 Nusu_Desibeli
Kumbe gita ni sita na vivuli viwili.

Kopi iliyochelewa milisekunde 10 ikikutana na mama yake kwenye spika moja, inafuta baadhi ya masafa ya mlio. Shimo la kwanza liko hezi 50, linalofuata 150, halafu 250, 350, inapanda hivyo kama meno ya kitana. Kwenye hedifoni husikii kwa sababu kila sikio lina yake. Kwenye simu yenye spika moja, au spika ya baa, mwili wa gita unatobolewa hapohapo kwenye 150 na 250.

Hesabu nyingine ambayo watu hawaipendi: ukijumlisha kopi mbili zinazofanana kabisa unapata desibeli 6 zaidi. Ukijumlisha gita mbili zilizopigwa tofauti kweli unapata kama 3. Kwa hiyo kopi inaongeza kimo kuliko dabo ya kweli, ile ya kupiga upya mara ya pili, na prodyuza mchanga anadanganyika kwamba imekuwa nene. Imepanda tu.

#12 Mitambo_ya_Zamani
Tusimsulubu kijana kwa kukopi. Studio ya Abbey Road, London, mwaka 1966 fundi Ken Townsend alitengeneza njia ya kudabo kwa mashine, kwa sababu Lennon wa Beatles alichoka kuimba kila kitu mara mbili. Kopi ileile, imecheleweshwa kidogo. Na dunia nzima ilipenda.

#13 Nusu_Desibeli
Mitambo, ile ilikuwa tepu. Spidi ilikuwa inayumba kidogokidogo, mkono wa fundi uko kwenye nobu, kwa hiyo umbali kati ya sauti na kivuli chake hautulii. Ya Chuma ni 10 kamili toka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, mashimo hayahami. Na ile ilikuwa ya kuimba, siyo gita ya metali iliyojaa masafa kila kona.

#14 Mwana_wa_Mkunazini
Mnazungumza matabaka ya sauti halafu hakuna aliyemtaja mtoto wa Mji Mkongwe? Freddie Mercury kazaliwa Unguja Septemba 1946. Ile sehemu ya opera kwenye Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975, bendi yake Queen wote wanne waliimba juu ya sauti zao wenyewe mpaka tepu ikachakaa. Kwa hiyo nyinyi wa bara mkitaka somo la kurundika, njooni Forodhani, mie nitawanunulieni urojo.

#15 Mitambo_ya_Zamani
Urojo nakuja kuufuata. Ila waliimba watatu: Mercury, May na Taylor. Deacon wa besi hakuimba.

Na hapo ndipo penye somo lenyewe. Kwa maelezo ya Brian May, Taylor alikuwa mzuri juu, Mercury katikati, yeye May chini. Ni makoo matatu tofauti, na kila moja lina ghorofa yake. Sasa huyu mwimbaji wa Chuma amenguruma mara sita kwa koo moja, kimo kimoja, maiki moja, umbali mmoja. Mara sita kwenye ghorofa moja, jengo litapanda vipi?

#16 Mwana_wa_Mkunazini
Haya watatu. Lakini kazaliwa kwetu.

#17 Sauti_ya_Tatu
Naongoza kwaya Moshi, metali siijui, mtoto wangu ndiye kanitumia huu uzi. Alichosema Mitambo ndicho tunachokipigania kila Jumamosi. Ukiwa na watu kumi na wawili wote wakaimba sauti ya kwanza, utapata kelele za watu kumi na wawili. Ukiwapanga watatu watatu, ya kwanza hadi ya nne, kanisa linajaa. Tena huwa nawaambia wa nyuma wasitamke herufi S wala T. Watatamka wawili wa mbele tu. Wengine wanaimba vokali. Nisipofanya hivyo, kila mwisho wa neno unasikia tss-tss-tss kama nyoka.

#18 Chuma_cha_Kayole
Mwalimu, hii ya S na T nimeiandika kwenye daftari. Hizo nyoka ninazo nyingi.

Kuhusu koo, ni kweli, ni yangu peke yangu. Nilirekodi ndani ya kabati la nguo, mablanketi mawili mlangoni. Siku ya tatu ya kunguruma, mama jirani akabisha hodi na flaski ya chai ya tangawizi na ndimu. Akasema kifua changu kinamkosesha usingizi, kesho niende kliniki. Nilishindwa kumweleza. Nikanywa chai.

#19 Mdudu_Washawasha
Huyo mama apewe jina kwenye jalada la albamu.

#20 Ukali_wa_Meno
Nanguruma kwa Kiswahili miaka tisa sasa. Kuna jambo sijaona likiandikwa popote, na ushauri tunaousoma wote umeandikwa na watu wanaonguruma Kiingereza.

Kiingereza kina konsonanti mwisho wa maneno, ndizo zinazokata. Sisi karibu kila neno linaishia kwenye vokali, wazi. Kwa kushikilia mlio ni raha, unafungua mdomo A unakwenda nayo mpaka pumzi iishe. Lakini ukiweka matabaka, ile mikia ya A-A-O-A inaungana na neno linalofuata, mstari mzima unakuwa shimo moja refu. Na maneno yanayoanza na mb, nd, ng ndiyo balaa. Ile M ya mbele haina nguvu kabisa ukinguruma, gita inaimeza, msikilizaji anabaki na B. "Mbingu" nilipiga dabo tatu, ikawa "bingu" tatu kila moja na wakati wake.

Siku hizi natengeneza hivi: treki ya katikati moja tu, kavu, ndiyo inabeba maneno. Pembeni naweka mbili, chini ya ile ya kati kwa desibeli nane hadi kumi, na kila neno nalikata mkia mapema kabla la katikati halijaisha. Chini ya hezi 250 pembeni sihitaji kitu, naondoa. Tabaka la juu la kupayuka naliweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho basi, pale mkazo wa neno ulipo. Siyo mstari mzima.

#21 Kanda_ya_Nne
Hiyo ya kupayuka kwenye mkazo tu nimeipenda. Bendi ya Deicide, albamu ya kwanza, 1990, mwimbaji Glen Benton analaza mlio wa chini na wa juu pamoja kwenye neno lilelile, linasikika kama jitu moja lenye vichwa viwili. Matabaka ni machache pale. Utofauti ndio mkubwa.

Lakini bado nasema gaini.

#22 Mzee_wa_Sebene
Vijana mnanichekesha. Niko Lubumbashi, nimepiga mi-solo tangu nywele zikiwa nyeusi. Rumba ina gita tatu, nne, na hamna anayelalamika nyuki. Rizimu iko chini inazunguka, mi-solo iko katikati inajibu, solo iko juu. Kila mtu anajua sehemu yake ya shingo ya gita, ukimfuata mwenzako kwenye fereti zake unatazamwa vibaya jukwaani. Huyu kijana gita nane zote zinapiga rifu moja, kipande kilekile kinachorudiwa, mahali pamoja. Mbili ziende juu, zipige noti zilezile oktava moja zaidi, halafu mseme.

#23 Kidole_cha_Pete
Mzee heshima yako, ila gita zenu hazina distosheni. Ukizidisha distosheni, noti zikipigwa pamoja kwenye gita moja zinazaa noti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga. Noti ya kwanza na ya tano zinaelewana, zimekaa tatu kwa mbili, watoto wao wanaangukia mahali pazuri, ndiyo maana metali imejaa kodi (noti zinazopigwa pamoja) za noti mbili. Ongeza ya tatu hapo katikati uone matope.

Dawa ipo, ila inachosha: kila noti ya kodi inarekodiwa treki yake, kila moja inapita kwenye distosheni yake, zinakutana hewani baadaye. Brian May ndivyo anavyojenga zile kwaya za gita. Hapo ndipo gita nane zina sababu ya kuwa nane.

#24 Mzee_wa_Sebene
Kwa hiyo unakubaliana na mimi, umeongeza tu fizikia.

#25 Shangazi_Besi
Posti ishirini na nne na hakuna mwanaume hata mmoja aliyeuliza BESI IKO WAPI.

Uzi wa chini wa gita ukiushusha hadi C uko hezi 65. Ya besi iko nusu yake, kama 33. Ule uzito unaousikia kifuani na kuusifu "gita kubwa" ni besi iliyopigwa pamoja na gita, yenye distosheni kidogo kwenye masafa ya kati. Zima besi kwenye wimbo wowote wa metali unaoupenda, gita zitabaki hivyohivyo nyembamba, kama kuku aliyenyonyolewa. Chuma, besi umeifanyaje?

Na mkitaka ushahidi, albamu ya Metallica ya 1988. Gita za rizimu zote Hetfield, matabaka kwa matabaka, prodyuza Rasmussen akaizika besi, mpaka leo watu wanalalamika.

#26 Mitambo_ya_Zamani
Shangazi, Flemming Rasmussen alirekodi. Kumiksi walimiksi Steve Thompson na Michael Barbiero, na Thompson ameeleza hadharani kwamba kushusha besi ilikuwa amri ya mpiga ngoma wao, Lars Ulrich. Wengine wanaongeza kwamba Newsted wa besi alikuwa anafuata rifu ya Hetfield noti kwa noti, kwa hiyo hata ingepandishwa ingejificha nyuma ya gita.

#27 Shangazi_Besi
Sawa, nimesahihishwa kwa fundi, ila maiti ni ileile.

#28 Chuma_cha_Kayole
Besi ipo. Nimeishusha kidogo kupisha gita.

#29 Shangazi_Besi
Mungu wangu.

#30 Ghala_la_Kelele
Naona mnamfundisha kijana kuwa na adabu. Metali haikuzaliwa na adabu. Bendi ya Entombed, Stockholm, studio ya Sunlight, 1990: pedali ya distosheni ya Boss HM-2, nobu zote nne mpaka mwisho. Zote. Prodyuza Tomas Skogsberg hakuuliza mtu saa ngapi. Ule mlio wa msumeno watu wanauiga hadi leo.

Na hapo jirani kwake Nairobi, bendi ya Duma. Kanja na Karugu, albamu ya 2020 iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mashine, gita na koo vimesagwa pamoja huwezi kusema hiki kinaanzia wapi. Ukuta wenyewe hauna matofali. Labda tatizo la Chuma ni kwamba anataka nyuki WAONDOKE.

#31 Kanda_ya_Nne
Ghala, HM-2 mpaka mwisho ni sawa, lakini ile pedali ina mlima mkubwa kwenye masafa ya kati, ndio unaong'ata. Chuma najua kabisa masafa ya kati ameyafukua akabakiza kabonde. Kweli au uongo?

#32 Chuma_cha_Kayole
Kweli. Peke yake inasikika tamu vile.

#33 Kanda_ya_Nne
Peke yake! Nani atasikiliza gita peke yake?

#34 Uzi_wa_Saba
Mie naona wote mmeruka jambo. Kashusha mpaka C, je, nyuzi ni za unene gani? Kama ni zile 10 kwa 46 za kawaida zinalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Ukipiga kwa nguvu noti inaanza juu halafu inashuka mahali pake. Gita moja huwezi kuligundua. Nane, kila moja imepigwa kwa nguvu tofauti, kila noti inaanza na fujo. Niliteseka na hili mwaka mzima, nilinunua hadi maiki mpya. Nayo ilikuwa feki, jina la kampuni kubwa limebandikwa kwa gundi, lakini hiyo ni hadithi nyingine. Kilichoniponya ni seti ya nyuzi nene, na kutuni kabla ya KILA treki, kwa nguvu ileile ya mkono nitakayopigia.

#35 Chuma_cha_Kayole
10 kwa 46. Basi nimalizeni tu.

#36 Mitambo_ya_Zamani
Usikate tamaa. Kevin Shields, mpiga gita wa bendi ya My Bloody Valentine, watu waliapa ile albamu ya 1991 ina mamia ya gita. Mwenyewe anasema treki za gita zilikuwa chache kuliko demo za watu wengi. Mkono wake kwenye kile chuma cha kuyumbisha nyuzi ndio uliofanya kazi.

#37 Ghala_la_Kelele
Na mpiga gita Devin Townsend anarundika kweli kweli, na inasimama. Kwa hiyo?

#38 Kidole_cha_Pete
Devin anatuni kodi wazi ya C, kidole kimoja kinalaza kodi nzima. Nyuzi zake zinaimba namna nyingine. Siyo mfano mzuri.

#39 Ghala_la_Kelele
Kila mfano wangu siyo mzuri. Sawa.

#40 Chuma_cha_Kayole
Wakuu, mrejesho baada ya siku nane. Nimetengeneza mikisi mbili.

A: gita nne tu, zile za kwanza, masafa ya kati nimerudisha, besi imepanda, sauti tano kama alivyoeleza Ukali_wa_Meno.
B: gita nane zote nimerekodi upya kwa nyuzi nene, gaini saa nne, mbili kati ya hizo ziko oktava ya juu kama alivyosema Mzee. Sauti saba.

Nimeziweka kwenye wasifu wangu. Msiulize ipi ni ipi, nimewaambia tayari.

#41 Kanda_ya_Nne
B. Gaini saa nne, nilisema.

#42 Shangazi_Besi
A. Hatimaye besi inapumua.

#43 Sauti_ya_Tatu
B nasikia maneno. Mtoto anasema A. Tumegombana mezani.

#44 Mzee_wa_Sebene
B, zile mbili za juu. Ila ngoma ziko wapi? Mpiga ngoma mmemfungia kwenye kabati?

#45 Ghala_la_Kelele
Ile ya kwanza kabisa, ya nyuki. Msinitukane.

#46 Ukali_wa_Meno
A kwa beti, B kwa kiitikio. Kwa nini lazima wimbo wote uwe na idadi moja? Ukuta ukiwepo toka sekunde ya kwanza, masikio yanauzoea, kiitikio kikifika hakuna pa kupanda.

#47 Chuma_cha_Kayole
Mama jirani nimemchezea zote mbili jana. A kasema inamuuma jino. B kasema angalau kifua kimefunguka.

#48 Nusu_Desibeli
Swali dogo kabla hatujahesabu kura. Ulizilinganisha kimo kabla ya kuziweka? Yenye sauti ya juu hushinda mara nyingi, hata kama ni mbaya.

#49 Chuma_cha_Kayole
...A iko juu kama desibeli mbili.

#50 Nusu_Desibeli
Basi kura zote zimefutwa. Zisawazishe uzirudishe.

#51 Mdudu_Washawasha
Naenda dukani kuongeza karanga.